Bali Kama Si Hivyo

Sehemu ya ibada ninayoipenda kuliko zote ni ushuhuda. Mtu anasimama, anasema "Bwana Yesu asifiwe," kanisa linaitika, kisha anasimulia: kijana wake amepata kazi, homa iliyomsumbua miezi imemtoka, binti amechaguliwa kidato cha tano. Nafurahi nao kwa moyo wote, maana naamini Mungu ndiye aliyetenda. Lakini kwa miaka mingi macho yangu yamekuwa yakienda pia kwa wale wasiosimama. Hasimami yule ambaye kesi yake bado inapigwa tarehe. Hasimami mama aliyefunga na kuomba, na mtoto akafa. Wanakaa kimya, nasi tumeuzoea ukimya wao, kana kwamba kumsifu Mungu kunaruhusiwa pale tu mambo yaliponyooka.

Biblia ina ushuhuda wa namna nyingine. Shadraka, Meshaki na Abednego walitoa wa kwao tanuru likiwa linawaka, kabla hawajajua lolote litakalowapata. Walimwambia mfalme wa Babeli kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Huo ni mstari wa 17 wa sura ya 3 ya Danieli, na wahubiri wanaupenda. Kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Huo ni wa 18. Nimesikiliza mahubiri mengi ya Danieli yaliyotoka mstari wa 17 yakarukia kwa yule mtu wa nne aliyeonekana akitembea motoni, na huu wa katikati ukaachwa njiani. Kwangu mimi kumtegemea Mungu kwa ukamilifu kumo ndani ya mstari huu ulioachwa njiani, na watu walionifundisha hivyo ningependa uwajue.

Nimezaliwa Kagera, kwenye nyumba ya watu wa uamsho. Kwa asiyekulia upande wetu wa ziwa nitaeleza kidogo.

Mwaka 1929 Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali. Huko Gahini, mashariki ya nchi, kulikuwa na hospitali changa ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake kijana, Mwingereza Joe Church, alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake. Akaenda Kampala kupumzika. Juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Wote wawili walikuwa Wakristo, wote wachapakazi, na kila mmoja alijua moyoni kwamba kuna kitu kimepungua. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakifuata kila mahali panapomtaja Roho Mtakatifu, wakasali pamoja, Mzungu na Mwafrika, katika nyakati ambazo watu wa namna hizo mbili hawakuwa wakiungamiana udhaifu wao. Nsibambi aliiacha ajira, akayamaliza maisha yake akihubiri. Church akarudi Gahini kwa wagonjwa wake.

Hakuna kilicholipuka kesho yake. Ilichukua miaka, na moto ulipowaka uliwaka kwanza miongoni mwa wafanyakazi wa hospitali ile ile. Yosiya Kinuka, aliyeongoza wahudumu wa wodini, aliokoka. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu pale Gahini, alijifungia juma zima kuomba, akatoka mtu mwingine. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, alipokwenda Kampala kuwaambia viongozi wa kanisa waamke. Uamsho ukapita Kigezi na Buganda, huko Uganda, ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ukaingia Kenya. Kanisa lenyewe halikuupokea kwa furaha kila mahali. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya ishirini, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu walikuwa wakiamka usiku wa manane kusali na kuwahubiria wenzao kuhusu dhambi. Kibwagizo chao cha Kiganda, Tukutendereza Yesu, yaani "Tunakusifu Yesu," leo kinaimbwa na Mhaya, Mkikuyu na Mgogo, wengi wao bila kujua neno jingine lolote la Kiganda.

Hilo la hospitali nimelitaja kwa makusudi. Uamsho mkubwa kuliko wote ulioigusa Afrika Mashariki ulianzia kwa madaktari, wauguzi na watu wa kufunga vidonda. Anayekwambia leo kwamba kumeza dawa ni kumkosea Mungu imani hajui wazee wetu walitoka wapi.

Na uamsho ulijulikanaje ulipoingia kijijini? Watu walianza kurudisha vitu. Blanketi za hospitali zilirudi. Fedha zilizodokolewa zilirudi. Ng'ombe waliofichwa kwa shemeji walirudi kwa mwenyewe. Zakayo alisema atarudisha mara nne, na watu wale walisoma wakaona hapo hapana fumbo lolote. Bibi yangu alikuwa na kosa la kahawa. Kabla hajaokoka alikuwa akichanganya vijiwe kwenye buni ili mizani ipande, jambo lililofanywa na wengi hata halikuwa na jina baya. Alipoguswa, alipiga hesabu yake mwenyewe, akauza mbuzi, akaenda kwa karani wa chama cha ushirika na fedha mkononi. Karani akamwambia, "Mama, rudi nyumbani, hakuna anayekudai." Bibi hakuondoka. Karani hakuwa na ukurasa wa kuandikia fedha ya namna ile, mwishowe akaiandika kama malipo ya magunia. Tulipokuwa wadogo tukichuma kahawa naye alitusimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara aliimaliza hivi: "Wajukuu zangu, Yesu akiingia ndani ya nyumba anauliza vitu hivi ni vya nani."

Nimetafakari sana maneno hayo. Watu wanapozungumza juu ya kujitoa kikamilifu kwa Kristo wanataja machozi, kuimba, kunena kwa lugha, mikesha. Sivipuuzi, nimelia mikeshani na machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini Bibi alijitoa kwenye mzani wa buni. Pale ndipo alipokuwa amemwekea Mungu mpaka, na mpaka ulipoondoka kila mtu aliyemjua aliona.

Anania na Safira waliuza kiwanja wakaleta sehemu ya fedha miguuni pa mitume. Petro hakuwalaumu kwa kubaki na nyingine. Alimwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kilichowaua ni kuileta sehemu na kuiita yote. Ninapoisoma sura ile ya 5 ya Matendo najiuliza sisi tunazuia nini hasa, maana wengi wetu fedha tunatoa, muda tunatoa, kwaya tunaimba mpaka sauti zinakauka. Jibu ninalolipata kila mara ni hili: tunazuia haki ya kuondoka. Tunamkaribisha Mungu sebuleni kwa heshima zote, na mlango wa nyuma tunauacha bila komeo. Akitupa mtoto tunakaa. Akiponya tunakaa. Asipofanya, tunajua pa kutokea, na tunajiambia kwamba tungekuwa na haki.

Mahubiri mengi ya siku hizi yanaishi kwa mlango huo. Panda mbegu utavuna, toa laki upokee milioni, paka mafuta haya, kunywa maji haya. Mtu akiyasikia kwa muda mrefu anaanza kumwona Mungu kama mdaiwa wake, na mdaiwa asipolipa unahama, unakwenda kwa nabii mwingine ambaye Mungu wake analipa haraka. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na shida za kweli, magonjwa ya kweli, madeni ya kweli. Walikuwa watu wetu. Naumia kila ninapokumbuka kwamba walikufa wakikimbilia tone la mafuta, wakati Mungu waliyemtafuta alikuwa karibu nao tangu walipoamka asubuhi.

Yako na mabaya zaidi ya hayo. Aprili 2023 Kenya ilianza kufukua maiti katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Zilipita mia nne. Walikuwa wamefundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Wazazi waliwanyima watoto wao chakula. Tangu hapo rafiki zangu kadhaa wasioamini huniuliza, na wananiuliza kwa upendo: unaposema mtu amtegemee Mungu kwa ukamilifu, asibakize kitu, unatofautianaje na mhubiri wa Shakahola? Swali hilo halistahili jibu la haraka.

Jibu langu linatoka kwenye ushirika wa uamsho. Kila Alhamisi jioni watu walikaa duara, na katika duara hilo mtu yeyote aliweza kumuuliza mtu yeyote. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Mpishi aliweza kumwambia mchungaji, "Ndugu, jana ulivyomjibu mkeo hukuwa na Yesu," na mchungaji akanyamaza, akatubu. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka mwanzoni mwa miaka ya 1940 moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kupanda baiskeli, safari ndefu ya milimani, kwenda kwa Mzungu mmisionari aliyemchukia, amwombe msamaha kwa chuki hiyo. Tazama jinsi kujitoa kwake kulivyomwelekeza kwa mtu mwingine, hadharani, kwenye uhusiano uliovunjika. Kule Shakahola watu walitengwa na ndugu zao, wakakatazwa shule na hospitali, na mtu mmoja tu hakuulizwa swali. Walimkabidhi mwanadamu kile ambacho ni cha Mungu peke yake. Mahali ambapo mhubiri hawezi kuambiwa "umekosea," ukimbie, hata kama anataja jina la Yesu katika kila sentensi. Mhubiri wa kweli atafurahi ukimpima.

Sasa niseme habari za mama yangu.

Figo zake zilianza kushindwa polepole, kisha kwa kasi. Tulimpeleka mjini akawa anasafishwa damu kwa mashine. Anayejua gharama yake anajua. Ng'ombe waliuzwa, mkopo ulichukuliwa, ndugu walichanga mpaka wakaanza kuogopa simu zetu. Tuliomba. Kanisa liliomba, ushirika ulikesha nyumbani kwetu. Siku moja alikuja kumwona mtu tuliyemfahamu, anayesali kwingine, mwenye nia njema kabisa. Akamwambia kwamba kuna mtumishi mkoani ambaye wengi wameponea kwake, ila lazima aende na sadaka ya pekee, maana imani isiyo na sadaka ina tobo. Alitaja na kiasi. Mimi, nasema mbele za Mungu, nilianza kuhesabu tungekipata wapi.

Mama alikuwa amelala akitusikiliza. Akasema, "Mwanangu, asante kwa kunijali. Lakini kama nitamwamini Mungu kwa ajili ya figo, basi ninazoziamini ni figo." Kisha akamwomba mgeni amsomee Zaburi, na mgeni akasoma, na nadhani aliondoka ametulia kuliko alivyokuja.

Mama alitaka kupona. Sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa ameridhika na kifo. Alitaka kuwaona wajukuu wakimaliza shule, alilia siku zile mashine ilipomchosha sana, aliuliza kwa nini. Aliendelea kwenda kwenye mashine kwa sababu aliona mikono ya wauguzi ni mikono ya Mungu. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakulipiga mnada. Alishampa Yesu maisha yake zamani, akiwa msichana, kwenye mkutano wa ndugu, na hakuona kwamba ugonjwa umempa haki ya kuyadai tena. Alifariki. Hatukupata ule ushuhuda unaopigiwa makofi. Nilimlilia na bado namlilia, na sijawahi kuona mtu aliyemtegemea Mungu kuliko yeye.

Yapo mambo ambayo mtu hayaelewi mpaka ameyaona kwenye maisha makubwa kuliko yake, kwa hiyo rudi nami Uganda, mwaka 1977.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, Kitgum, mwaka 1922. Alikuwa mwalimu wa shule alipookoka Januari 1948, kupitia watu wa uamsho haohao. Akawa mchungaji, akawa askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Hizo zilikuwa siku za Idi Amin. Watu walikuwa wakipotea, na wake na mama zao walikwenda mlangoni kwa askofu mkuu kwa sababu hawakuwa na mlango mwingine. Alikwenda kuwaulizia, tena na tena, kwenye ofisi ambazo watu wengine hawakuthubutu hata kupita mbele yake. Tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu usiku, wanajeshi waliingia nyumbani kwake wakitafuta silaha. Hawakupata. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kupinga, wakaitia sahihi kwa majina yao. Luwum alishauriwa akimbie nchi. Mpaka haukuwa mbali, na hakuna ambaye angemlaumu. Akabaki.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, silaha zikapangwa uwanjani mbele ya umati wa wanajeshi, wakashtakiwa. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum akaambiwa rais anataka kumwona. Kivengere na wenzake walimsubiri nje mpaka wakaamriwa waende. Kesho yake redio ilitangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Wachache sana waliamini. Mwili ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko chini ya ulinzi wa askari, wenye kuuona wakaona matundu ya risasi. Namirembe, kaburi lililokuwa limechimbwa kwa ajili yake kando ya lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lilibaki tupu, na watu walijaa hapo Jumapili wakaimba.

Luwum alimwamini Mungu, na Mungu hakumtoa mikononi mwa Amin. Hapo ndipo mstari wa 17 unapokwisha.

Kivengere yeye alinusurika. Siku chache baadaye yeye na mkewe Mera walivuka milima usiku kuingia Rwanda. Mungu yuleyule, imani ileile, ushirika uleule; mmoja akafa, mwingine akavuka. Sijui mhubiri wa mbegu na mavuno anaihubirije habari hiyo. Nisemalo ni kwamba kunusurika kwa Kivengere nako kulikuwa na gharama yake. Alikaa uhamishoni akiwa na chuki iliyomkausha, yeye ambaye watu walimjua kwa kuhubiri upendo. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa London, alitafakari maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea waliomsulubisha, akatambua kwamba hawezi kumtoa Amin nje ya maombi hayo. Akamsamehe. Akasema hadharani kwamba anampenda Idi Amin, akaandika hivyo, na wako Waganda waliokasirika, nami siwashangai, kwa kuwa damu ilikuwa bado mbichi. Lakini ndicho alichokuwa amebakiza. Alishatoa nchi, nyumba, kazi. Chuki peke yake ndiyo ilikuwa imebaki mkononi, na mtu anaweza kuishikilia chuki kwa haki zote. Nchi yetu ilimjua mtu huyu mapema. Yeye na Mera walikuja Dodoma mwaka 1946 kama walimu wa kujitolea, wakafundisha huko miaka mingi, na wazee wa Ugogo walimsikia akihubiri kwa Kiswahili kabla dunia haijamjua.

Ningeweza kuishia kwa mashujaa, lakini sitakuwa mkweli. Nilikuwa mtoto mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Mto Kagera ulileta miili mpaka ziwani, na nyumbani kwetu hatukula samaki kwa muda mrefu. Wazee wa ushirika walikaa duara lao Alhamisi wakashindwa kuimba. Rwanda ndiyo iliyotuletea uamsho. Gahini iko Rwanda. Karibu watu tisa katika kila kumi nchini humo walikuwa wakijiita Wakristo, na waliuana makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyange. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamekaa benchi moja na kupokea meza moja ya Bwana.

Nimewasikia watu wakisema hiyo inathibitisha kwamba uamsho ulikuwa kelele tupu. Siwezi kukubali, maana nilimjua Bibi. Ila inathibitisha kwamba wokovu haurithiwi. Babu alirudisha ng'ombe wa watu. Mjukuu alirithi wimbo, akarithi nafasi ya babu kwenye benchi, na kabila lake halikuwahi kuguswa na msalaba. Kila kitu alikitoa isipokuwa hicho, na siku ya siku ilipofika, hicho ndicho kilichomtawala. Ninapofundisha vijana wa kipaimara, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Wengi wao ni watoto wa waliookoka, kama mimi, na ndiyo hatari yao.

Gisenyi, mjini kando ya Ziwa Kivu, kulikuwa na mwanamke wa miaka kama sitini aitwaye Félicitas Niyitegeka. Alikuwa Mkatoliki, mlei aliyejiweka wakfu kwa utume, akisimamia nyumba ya kanisa iitwayo Centre Saint-Pierre. Alikuwa Mhutu. Mauaji yalipoanza aliwapokea Watutsi waliokimbilia kwake, na aliwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi. Akamtumia habari aondoke, kwamba anaweza kumwokoa. Félicitas akamjibu kwa barua. Alimshukuru kwa kutaka kumsaidia, akaeleza kwamba ili aiokoe nafsi yake ingempasa awaache watu 43 walio mikononi mwake, naye anachagua kufa pamoja nao. Alimwomba amsalimie mama yao mzee, akamwahidi kumwombea atakapofika kwa Mungu. Tarehe 21 Aprili 1994 waliwachukua, na yeye pamoja nao. Rwanda leo inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa.

Mimi ni Mlutheri, na nilikua nikisikia maneno ya kebehi juu ya Wakatoliki hata ndani ya ushirika, jambo linalonihuzunisha. Nikimtafuta mtu aliyeishi yale Bibi aliyonifundisha, mpaka mwisho, bila kubakiza kitu, namkuta huyu mama wa Gisenyi. Alikuwa na mlango halisi, ulioshikwa wazi na kaka yake wa damu mwenye magari na askari. Hakuna aliyemlazimisha abaki, hakuna nabii aliyemwahidi kwamba hatakufa. Alikuwa ameshampa Mungu nafsi yake siku za amani, katika miaka mingi ya kupokea wageni, kutandika vitanda na kusali, na siku za mauaji hazikupata cha kujadiliana naye.

Mimi sijaitwa kwa makubwa hayo, wala siyatafuti. Langu ni kibanja. Tangu mama afariki, baba mdogo anadai shamba tulilozaliwa, migomba na kahawa, na mashauri yamefika Baraza la Ardhi. Tuna karatasi, tuna mashahidi, na tutakwenda kusema ukweli. Kumtegemea Mungu hakujaniambia nikae kimya mbele ya dhuluma, kama ambavyo hakukumwambia Luwum. Ila ndugu zangu na mimi tuliketi tukakubaliana mambo mawili. Hatutatafuta shahidi wa kununua, ingawa tumeambiwa upande wa pili unafanya hivyo. Na hatutaacha kumwamkia. Ninapokutana naye njiani nasema, "Shikamoo, Baba," na siku nyingine anaitika. Kaka yangu mkubwa bado anaona ugumu na hilo la pili, tunaombeana. Shauri linasikilizwa mwezi ujao. Krismasi tumemwalika baba mdogo aje kula na sisi, tukishinda au tukishindwa, na dada yangu ameshaanza kumnenepesha mbuzi.